UZI: Kuchagua rodi fupi ya kupigana na samaki wakubwa ukiwa umesimama

Tezini (mleta uzi)

Wakuu habarini. Kila mara anatokea mtu anauliza rodi (fimbo ya kuvulia) gani nzuri ya kumpiga jodari mkubwa au nduaro ukiwa umesimama, na majibu yanayokuja ni majina ya makampuni tu, huyu anataja hii yule anataja ile, hakuna anayemuuliza muulizaji breki ya rili (rili ni kile kifaa cha kuzungusha mshipi, breki yake ndo inauzuia usitoke hovyo) ataiweka kilo ngapi, mwili wake unaweza kuzibeba hizo kilo kwa muda gani, na kiunoni atafunga nini. Naomba leo niandike kwa urefu maana hili jambo linaniuma, limenigharimu mgongo na limenigharimu samaki.

Miaka ya nyuma nilinunua rodi ya mita 2.1, kitako kirefu cha alumini, imeandikwa ya mshipi wa kilo 37. Rodi nzuri kabisa, ila ile ni rodi ya kiti, imetengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kupigania, miguu imekanyaga ubao mbele yake. Boti tuliyotoka nayo haikuwa na kiti. Jodari alikula tukiwa tunaburuza chambo nyuma ya boti, akakimbia mbali mara moja halafu akazama, na mnaomjua jodari mnajua akishazama anafanyaje, anaanza kuzunguka huko chini ya boti polepole, mshipi umesimama wima kama umefungwa jiwe. Hapo ndo nikaijua ile rodi. Kila nikiinua, ncha inaning'inia huko mbele juu ya maji, uzito wote unakuja kiunoni na kwenye mkono wa kushoto. Baada ya kama saa moja na nusu vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa havifunguki vyenyewe. Nikalegeza sekunde chache nipumue, ndoana ikachomoka. Mshipi ulikuwa mzima, fundo zima, rodi nzima, aliyeisha ni mimi.

Sasa hesabu, naomba muifuate taratibu. Tuseme breki ni kilo 11. Kitako kimekaa kwenye kikombe cha mkanda, hanesi (mikanda unayojifunga mwilini) imeshika masikio ya rili, yaani vile vishikio vya juu yake, na kutoka kwenye kikombe mpaka kwenye masikio ni sentimita 40. Rodi ndefu ikishapinda, ukipima kutoka kwenye kikombe kwenda mbele mpaka pale mshipi unaposhuka unapata kama mita 1.5. Chukua 11 zidisha kwa 150 gawanya kwa 40, zinakuja kilo 41 na kitu. Hizo ndo zinakuvuta wewe, wakati samaki anasikia 11 tu. Chukua rodi ya mita 1.65 yenye kupinda vizuri, ule umbali wa mbele unashuka mpaka kama mita 1, hesabu ile ile inakupa kilo 27 na nusu. Samaki ni yule yule, anavutwa na kilo zile zile 11, ila mwili wako umepunguziwa zaidi ya kilo 13. Ni hesabu ya haraka, kwenye boti pembe zinabadilika kila wimbi, lakini ndo sababu nzima ya rodi fupi kuwepo, mengine yote yanafuata hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu anza na breki. Kawaida breki ya kupiga inawekwa kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 24 unapata kilo 6 mpaka 8. Mshipi wa kilo 37 unapata kama 9 mpaka 12. Ukishaijua namba yako ndo utafute rodi ambayo ikibeba namba hiyo inapinda kuanzia ncha mpaka karibu na mshiko wa mbele, na bado theluthi ya chini ina nguvu ya kuinua. Urefu kati ya mita 1.65 na 1.83, hapo wengi wetu tunaishia.

Karibuni mchangie, hasa wale mnaotumia kaboni maana mi nimekaa upande wa faibaglasi muda mrefu.

Kina Kirefu

Mkuu umeongea jambo la maana sana. Naongezea tu kwamba huu mtindo haukuanzia kwenye karatasi, ulikomaa kwenye boti za safari ndefu zinazotoka San Diego kule Marekani, boti moja ina watu wengi, wote wanafuata jodari, huwezi kumwekea kila mtu kiti, samaki akikula unazunguka naye boti nzima kutoka tezi mpaka omo ukipita chini na juu ya mishipi ya wenzako. Rodi ndefu hapo haiwezekani kabisa. Na kwa upande wa nduaro kuna mama mmoja Mmarekani, Marsha Bierman, alijulikana dunia nzima kwa kuwapiga nduaro wakubwa kwa rodi fupi akiwa amesimama, hana kiti, na hakuwa mtu wa misuli mikubwa. Alichokuwa nacho ni mbinu, ile ya kuinua kidogo kidogo na kuzungusha haraka kabla samaki hajageuza kichwa.

Hilo la kuinua kidogo ndo watu wanalikosea sana. Rodi fupi haitaki ule mpampu mrefu wa kutoka majini mpaka usoni. Unainua sentimita chache, unazungusha robo au nusu ya mzunguko wa mkono wa rili, unainua tena. Ukiwa na rili ya gia mbili hapo unashuka gia ya chini na unamtoa sentimita kwa sentimita. Mtu akinunua rodi fupi halafu akaipampu kama ndefu atairudisha dukani akisema mbaya.

Ncha Laini

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi kwenye suala la faibaglasi. Kaboni ni nyepesi, ukishika rodi masaa mawili unauona huo wepesi, na ina nguvu ya kuinua kwenye theluthi ya chini ambayo faibaglasi tupu haina isipokuwa uinenepeshe mpaka iwe kama mti. Mi natumia iliyochanganywa, ndani kaboni nje glasi, na sijajuta.

Ila lazima niseme na ubaya wake kwa sababu niliuona kwa macho. Rafiki yangu alikuwa na rodi ya kaboni tupu, samaki yuko chini kabisa ya boti, akachoka akaegemeza rodi kwenye ukingo wa boti ili apumzike. Ukingo ukawa ndo sehemu ya kupindia, uzito wote ukakaa kwenye sehemu moja ya upana wa vidole viwili. Ililia kama mti mkavu. Vipande viwili, na cha mbele kikateleza kwenye mshipi kikaenda majini mpaka kwa samaki. Faibaglasi ingesamehe, kaboni haisamehi.

Kosa la pili ni kunyanyua rodi juu sana samaki akiwa chini. Watu wanadhani wakiivuta rodi mpaka isimame karibu na uso ndo wanamvuta samaki, kumbe wameiondolea kazi sehemu ya chini yenye nguvu na kuitupia ncha peke yake. Kaboni zinazovunjika nyingi zinavunjikia hapo, karibu na ncha, na mwenye nayo analaumu rodi.

Tezini (mleta uzi)

@Ncha Laini nimekuelewa mkuu na nakubali, mchanganyiko ni njia nzuri. Na hilo la ukingo ongezea hapo kwamba kwa wanaotaka samaki wao aandikwe rekodi, kanuni za IGFA (chama cha kimataifa kinachoandika rekodi za uvuvi wa rodi) zinakataa kabisa kuegemeza rodi kwenye ukingo wa boti au kuiweka kwenye kishikizo wakati unapigana na samaki. Na rodi ikivunjika ncha ikabaki fupi kuliko kipimo chao, samaki hahesabiki. Kipimo chenyewe, kutoka katikati ya rili kwenda kwenye ncha isipungue sentimita 101.6, na kitako kutoka katikati ya rili kwenda chini kisizidi sentimita 68.58. Rodi fupi za kawaida zinaingia humo bila shida, ila kuna watu wanakata rodi nyumbani wakidhani fupi zaidi ni bora zaidi, wapime kwanza.

Mkono Mdogo

Habari zenu wakubwa. Mimi ni dada, mwili wangu mdogo, nimevua miaka miwili samaki wa kati, sasa nimealikwa safari ya kina kirefu na nataka rodi yangu mwenyewe. Kila ninayemuuliza ananiambia ninunue ya kilo 60 kwa sababu "huwezi jua atakuja samaki gani". Baada ya kusoma uzi huu nimeanza kuogopa. Je nianzie wapi? Na hiyo hanesi mnayosema ndo ipi, kuna ya mabegani na nyingine naona inakaa chini ya makalio.

Tezini (mleta uzi)

@Mkono Mdogo karibu sana dada, na nashukuru umeuliza kabla hujanunua. Achana na hiyo ya kilo 60 kwa sasa. Mshipi wa kilo 60 maana yake breki ya kilo 15 mpaka 20, fanya hesabu niliyoweka juu hata kwa rodi fupi, kilo 15 mara 100 gawa 40 ni karibu kilo 38 zinakuvuta mbele kuelekea majini. Usiposhika breki hiyo utailegeza, na ukishailegeza mpaka kilo 8 basi umebeba rodi ngumu na rili zito la bure, rodi haipindi, haikusaidii chochote, ni kama umeshika bomba. Rodi ngumu isiyopinda ndo inachosha kuliko zote kwa sababu ile ncha inabaki mbali na wewe muda wote.

Anza na mshipi wa kilo 24, breki kilo 7 au 8, rodi ya mita 1.65 hivi. Ukichukua 8 mara 100 gawa 40 unapata kilo 20, na kilo 20 kwa hanesi nzuri mwili mdogo unazibeba kwa sababu unazikalia, huzivuti kwa mikono.

Hanesi chukua hiyo ya kukalia, inayopita chini ya makalio. Ya mabegani inaweka uzito juu ya mgongo, ndo iliyoniumiza mimi. Ya kukalia unakunja magoti kidogo, unakaa kama unakalia kigoda kisichokuwepo, na uzito wa mwili wako ndo unaoinua rodi. Mikono inabaki huru, wa kulia unazungusha rili na wa kushoto unapanga mshipi kwenye spuli (lile gurudumu la rili unapoviringishwa mshipi). Mkanda wenye kikombe ushushe chini kabisa ukae mapajani, usikae tumboni. Mikanda ya hanesi irekebishe ukiwa nchi kavu, ukikunja magoti rodi inyanyuke yenyewe, ukisimama wima ishuke. Kama haifanyi hivyo urefu wa mikanda ni mbaya.

Na jambo la usalama, tafadhali sana. Ukishajifunga masikio ya rili kwenye hanesi wewe na samaki mmeunganishwa. Fanya mazoezi ya kujifungua kwa mkono mmoja mpaka ufanye umefumba macho, na awepo mtu nyuma yako muda wote.

Pete Kumi

Hamjagusa pete za rodi, zile mshipi unapopita, na mi ndo ugonjwa wangu huo. Kuna za rola na kuna za kawaida zenye duara la kauri ngumu. Zamani ilikuwa rola juu mpaka chini, na kwa nailoni nene bado ni nzuri sana, msuguano mdogo, mshipi haupati moto. Lakini rola inataka utunzaji, chumvi ikishaingia kwenye ekseli inaganda, na rola iliyoganda ni mbaya kuliko pete ya kawaida kwa sababu mshipi unakwaruzwa sehemu moja ile ile. Kila safari suuza kwa maji yasiyo na chumvi, weka tone la mafuta, zungusha kila moja kwa kidole usikilize.

Halafu wanaotumia mshipi wa kusuka wawe makini. Mshipi wa kusuka ni mwembamba, unaweza kuingia kwenye ule mwanya kati ya rola na fremu yake, ukishaingia humo samaki akikimbia umekwisha. Kama spuli yako ni ya kusuka na juu umeweka kipande cha nailoni, samaki mkubwa atakifikia kile cha kusuka tu, usijidanganye. Chukua pete za kauri nzito zenye miguu miwili, au rola zilizotengenezwa mahsusi mwanya wake umefungwa.

Mbinu ya kukagua pete ya kauri: chukua pamba ya kusafishia masikio, ipitishe ukizungusha ndani ya pete. Kama kuna ufa hata ule usioonekana, nyuzi za pamba zitanasa. Mi nilipata ufa kwenye pete ya ncha ya rodi mpya kabisa kwa njia hiyo, muuzaji akanibadilishia bila maneno.

Na mshipi wa kusuka hauvutiki, kwa hiyo anayeutumia achague rodi yenye ncha laini kidogo, kile kulainika ambacho nailoni ilikuwa inakupa sasa lazima kitoke kwenye rodi.

Kina Kirefu

Na kitako jamani. Kitako kilichopinda ni cha kiti. Ukisimama nacho rodi inalala chini na pembe yote inaharibika, chukua kilichonyooka. Na angalia chini yake kuna ule mkato wa msalaba unaoingia kwenye pini ya kikombe, uwe wa chuma au alumini, wa plastiki unakatika na rodi inaanza kuzunguka ubavu wakati umeshajifunga.

Ncha Laini

Kuzunguka ubavu kuna dawa nyingine, rodi zilizofungwa pete kwa kuzunguka, zinaanzia juu karibu na rili halafu zinahama mpaka chini ya rodi kuelekea ncha. Pete zikiwa chini rodi haina sababu ya kutaka kugeuka maana mshipi umeshakaa pale unapotaka kukaa. Kwa asiyetumia hanesi unafuu wake ni mkubwa sana kwenye kifundo cha mkono.

Nailoni 37

Nimesoma mwanzo mwisho, darasa zuri. Swali langu, mleta uzi umesema tuchague kwa breki, lakini rodi dukani zimeandikwa namba ya mshipi, mfano kilo 24 mpaka 37. Hiyo namba haitoshi?

Tezini (mleta uzi)

@Nailoni 37 haitoshi, na nimefurahi umeuliza. Kila mtengenezaji anaandika kwa kipimo chake, unaweza kukuta mbili zimeandikwa namba moja, moja inapinda mpaka kwenye mshiko na nyingine imekaa kama mpini wa jembe. Usinunue bila kuining'inizia uzito.

Mi nafanya hivi. Naomba muuzaji tuweke rili, tupitishe mshipi kwenye pete zote, nafunga mkanda na hanesi yangu mwenyewe, nasimama sehemu iliyoinuka, chini naning'iniza ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 8 ni kilo 8 ukiongeza uzito wa ndoo yenyewe. Nainyanyua ndoo kutoka chini, nakaa nayo. Sitazami saa mwanzoni, natazama rodi, ncha imeelekea wapi, mpindo umefika wapi, kutoka kiunoni kwangu mpaka mshipi unaposhuka ni umbali gani, na huo umbali nampa mtu aupime kwa futi. Halafu nakaa dakika ishirini. Dakika mbili za kwanza kila rodi ni nzuri. Ukifika ya kumi na tano ndo utajua mshiko wa mbele ni mfupi, au kikombe kinakuchoma paja, au mkono wa kushoto umeanza kufa ganzi.

Na kumbuka breki haikai palepale. Samaki akikutolea mshipi spuli ikapungua mpaka kipenyo kikawa nusu, ile breki ya kilo 8 imeshakuwa 16 bila wewe kugusa kitu, bado hujaweka uzito wa maji yanayoukokota huo mshipi wote. Kwa hiyo ongeza maji kwenye ndoo uone rodi inafanyaje ukizidisha. Kama inafunga, yaani ncha inaelekea moja kwa moja kwenye mshipi na haina tena cha kutoa, iache.

Mkono Mdogo

Wakuu narudi na mrejesho. Nilienda na hanesi ya kuazima, nikajaribu rodi tatu kwa ndoo kama mlivyosema. Muuzaji alishangaa kidogo ila alinisaidia. Ya kwanza kaboni tupu mita 1.83, kwa lita 8 ilipinda juu tu, umbali wa mbele ulikuwa sentimita 130, dakika ya sita nikaweka chini mwenyewe. Ya pili mita 1.65 glasi tupu, ilipinda vizuri ila nilipoongeza mpaka lita 12 ikafunga. Ya tatu mchanganyiko, mita 1.65, kwa lita 8 umbali ulikuwa sentimita 95, kwa lita 12 bado ilikuwa inainua, na nilikaa nayo dakika ishirini na mbili. Miguu ilitetemeka, lakini mgongo hauumi na vidole vyangu vilikuwa vinafunguka.

Nimeichukua hiyo ya tatu. Pete zake ni za kauri isipokuwa ya ncha ni rola. Nilipitisha pamba kwenye zote hazijanasa. Ile rola ya ncha inazunguka ila ukiigusa inacheza kidogo upande kwa upande, na spuli yangu nataka kuweka mshipi wa kusuka. Hii ni kawaida au nibadilishe kabla ya safari?

Pete Kumi

@Mkono Mdogo badilisha. Kama inacheza upande huo mwanya upo, na mshipi wa kusuka utaukuta. Weka ya ncha ya kauri nzito, ipashwe moto kidogo tu itoke, gundi yake inalainika kwa joto, usiivute kwa koleo utavunja kaboni ya ndani. Kabla ya kubandika mpya, pima kipenyo cha ncha ya rodi ikiwa imesafishwa gundi ya zamani, na uipange kwa kutazama kutoka kwenye rili kwenda mbele mpaka pete zote zikae mstari mmoja.

Tezini (mleta uzi)

Dada hongera sana, umefanya kazi ambayo mimi sikuifanya miaka yote ile. Ukishabadilisha hiyo ya ncha rudia ndoo mara moja na mshipi wako wa kusuka wenyewe, na lida yako (kile kipande cha mshipi kinachoshika ndoana) na fundo lako lipite kwenye pete zote mara kadhaa kwenda na kurudi. Fundo likigonga mahali utalisikia mkononi. Safari njema, tunasubiri mrejesho.